Msala Upitao: Barua kwa Mafundi Vijana wa Chang'ombe

Wanangu,

Jumapili iliyopita mlikuja watatu barazani kwangu na swali moja. Kuna kiwanda kule Mkuranga kinatafuta mafundi mitambo, na mshahara wake unauzidi wa hapa kwa laki moja na nusu. Mwende? Sikuwajibu papo hapo. Najua wengine mnaulizana hayohayo huko kwenye magheto yenu, basi jibu langu liwafikie wote.

Kuacha kazi ya kwanza si utovu wa shukrani. Msimamizi anayewakumbusha kila siku kwamba mlitoka chuo cha ufundi cha VETA hamjui hata kushika spana anasema kweli, lakini alipokea jasho lenu, nanyi mkapokea mshahara. Hamdaiani.

Wazazi watawaambia msiache mbachao kwa msala upitao, yaani msiutupe mkeka wenu mkuukuu kwa kutamani mkeka wa kusalia wa mpita njia. Methali hiyo hutumiwa sana kuwatia watu woga, wakati neno zito ndani yake ni hilo la mwisho: upitao. Mbachao ukichakaa unaachwa, mradi msala mpya umeshatandikwa. Ahadi ya simu kwamba "njoo tu, tutaelewana" bado inapita.

Tena ipigieni hesabu hiyo laki na nusu. Anayelipwa 600,000 hapa hukatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anaongeza nyingine 10, yaani 60,000 ambazo hazionekani mkononi. Kama kule hawachangii, nyongeza yenu imeshashuka hadi 90,000. Toeni nauli ya kila siku, toeni na chakula cha mchana ambacho hapa mnakula bure. Kinachobaki mkiandike kwenye karatasi, mkitazame.

Lakini fedha si jambo langu kubwa. Nataka kujua: mashine ikizima saa nane usiku, hapo ulipo wanakuachia peke yako, au bado unashika tochi fundi mkubwa akifungua? Kama bado unashika tochi, baki. Huko wanakoongeza mshahara wanalipia mtu anayejua tayari; hakuna atakayesimama nyuma yako kukuelekeza. Na sheria ya ajira ya mwaka 2004 ina kifungu ambacho vijana wengi hawakijui: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliye kazini chini ya miezi 6. Ukiharibu gia mwezi wa tatu, huna pa kushika. Kwa hiyo hata anayejiweza asihame wakati kodi ya chumba inakaribia kuisha na mfukoni hana akiba.

Mimi nilihama vibaya. Mwaka 1986 nilikuwa kiwanda cha nguo, mwenzangu akapandishwa cheo nikaachwa. Nikasubiri siku ya mshahara, nikachukua changu na nisirudi. Gereji niliyokimbilia ilikosa kazi baada ya miezi mitatu. Nikarejea kwenye lile geti la zamani. Mlinzi alikuwa yuleyule. Alinisalimia vizuri sana, ila hakufungua. Cheti cha utumishi, karatasi ya kuonyesha kwamba nilifanya kazi pale, sikupata. Na yule mzee aliyenifundisha kukereza vyuma nilikuwa nimeondoka bila kumuaga, jambo linaloniuma kuliko hicho cheti.

Nyie mnaolipwa kwa mwezi, notisi yenu ni siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Ukigoma kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo kwenye haki zako. Na wewe uliyesema utaituma barua ukiwa likizo nyumbani Tukuyu, wacha. Notisi haitolewi likizoni wala haihesabiwi pamoja nayo. Kiinua mgongo msikitegemee, si cha anayejiondokea mwenyewe. Ila daini siku za likizo ambazo hamjazitumia, na cheti cha utumishi mkitie mkononi kabla ya kurudisha ovaroli.

Kwa ninavyowafahamu, wawili kati yenu wameiva na waende. Sitawataja hapa, wasije wakavimba kichwa.

Jumapili nipo, baada ya saa kumi. Njooni na mikataba ya Mkuranga tuisome pamoja, kama imeshaandikwa.

Mzee wenu wa barazani