Muuza sola, niulize kwanza friji yangu yala ngapi

Mhariri,

Nipe nafasi nitoe dukuduku langu. Nina katrela kangu ka kulala, tunakavuta na pikapu mimi na familia, mara Watamu mara Voi, tukipiga kambi mahali ambapo stima hakuna. Sasa niliingia duka moja hapa mjini nikasema nataka sola ya trela, yule jamaa hakuniuliza hata swali moja, akanifungia paneli ya wati 100 juu ya paa, betri ya gari na bonge la inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, fyuzi hata moja hakuweka, nami nikalipa. Usiku wa pili Watamu friji ikalia tii tii tii kisha kimya, kufungua asubuhi samaki changu washaanza kunuka na barafu yote maji.

Hesabu yenyewe wala si ya chuo kikuu jamani. Kifriji cha volti 12 chavuta kama wati 50 kikinguruma, na kwa joto letu hili changuruma karibu nusu ya siku, hapo ni wati 50 mara masaa 12, wati-saa 600. Feni ya wati 15 masaa 8, 120. Taa na simu weka 60. Jumla wati-saa 780 kwa siku. Paneli ya wati 100 yapata jua kali kama masaa 5, ukitoa kinachopotea kwa joto na nyaya wabaki na wati-saa 350 hivi kwa siku, sasa 350 italisha 780 vipi? Hapo nilitakiwa paneli ya wati 250. Na betri ya gari ni ya kuwasha injini, ukiikausha kila usiku yafa mapema, heri lithiamu ingawa bei yake nayo yauma.

Halafu kuna kivuli. Nani Pwani hii apaki juani? Sote twakimbilia chini ya mwembe, na paneli juu ya paa nayo iko mwembeni, kivuli cha tawi moja tu kikiipiga umeme washuka vibaya. Siku hizi nina paneli ya kubeba na waya mnene wa mita 10, yenyewe yakaa juani, mimi kivulini. Mambo ya kuisimamisha wima kama Wazungu wafanyavyo kwao, achana nayo, sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua lapita karibu na utosi, inamishe kidogo maji ya mvua yateleze basi.

Nilirudi kwa yule jamaa kumuuliza. Akanambia eti jua lilikuwa kidogo. Watamu, mwezi wa pili!

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa