Muulizeni mgonjwa nyumbani kwake kuna nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo tunalolisahau tunapomuuguza mtu anayebanwa na kifua, nalo ni nyumba anayoishi.

Mama mkwe wangu alitibiwa nimonia mara tatu. Kila alipolazwa alipata nafuu baada ya siku chache, nasi tukaishukuru dawa, lakini kila aliporudi nyumbani homa, kikohozi na kuhema vilimrudia. Daktari wa nne ndiye aliyemuuliza kama anafuga ndege. Banda la njiwa wake lilikuwa chini ya dirisha la chumba chake cha kulala, na kila alipolifagia asubuhi, unga mweupe wa manyoya ulitua hadi kwenye mto wake.

Kilichotupoteza ni muda. Mzio wa mapafu unaoletwa na manyoya na kinyesi cha ndege kwa kawaida hujitokeza baada ya muda wa saa 4 hadi 8, kwa hiyo alifagia asubuhi akaugua alasiri, nasi tukausingizia upepo. Ukiachwa uendelee, mapafu hupata makovu yasiyofutika. Pumu ni tofauti, maana mwenye mzio wa paka anaweza kubanwa dakika chache tu baada ya kuingia chumbani.

Ndiyo maana ushauri wa “ondoeni vumbi” haunitoshi. Vumbi lipi? Utitiri wa godoroni, usioonekana kwa macho, hula magamba ya ngozi yetu na hupenda unyevu. Kufua mashuka kwa maji ya nyuzi 60 huuua. Ukungu wa nyuma ya kabati hauondoki kwa kufagia iwapo ukuta unaendelea kuvuja. Huko Japani, kuvu wa nyumba za mbao zenye unyevu wanajulikana kuleta mzio wa mapafu majira ya joto.

Ningependa madaktari waulize, na familia ziandike daftarini, mgonjwa alibanwa lini, saa chache kabla yake alikuwa akifanya nini, na je, hupata nafuu akilala kwingine kwa siku kadhaa? Dawa ziendelee kama zilivyoandikwa.

Njiwa tuliwagawa. Hata hivyo, vumbi lao hubaki ndani kwa miezi mingi, hivyo tulilazimika kutupa mto, kufua mapazia na kupangusa kuta kwa kitambaa kibichi, kazi ambayo mama hakuruhusiwa kuisogelea.

Msomaji wako