Shukrani kwa Mzee wa Taveta

Kwa heshima kubwa namshukuru mzee ambaye sikuwahi kumuuliza jina, aliyenikuta sokoni Taveta nimeshika singe ya bunduki ya Lee-Enfield na kipande cha msasa, tayari kuikwangua kutu. "Mwanangu, weka msasa chini," aliniambia, kisha akachukua kitambaa chenye mafuta ya cherehani na kupangusa taratibu karibu na mpini, mpaka ikajitokeza alama ya taji na, chini yake, tarakimu 1907, ambazo ni mwaka wa muundo wa singe hiyo wala si wa kutengenezwa kwake. Nakusanya vifaa vya askari waliopigana katika kilima cha Salaita, karibu na Taveta, mwezi Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hiki ningalikiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Shikamoo, mzee wangu. Hata ala yake ya ngozi naitunza ulivyonielekeza, mbali na jua.