Kwa nini swali moja la hoja hutuchukua dakika ishirini

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Moshi alinipigia simu amefura. "Mwalimu, binti yangu kakaa kwako saa mbili, karudi na maswali sita. Elfu arobaini kwa maswali sita? Si mnatuibia?" Si wa kwanza. Kila msimu wa kuomba vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada lawama hii hurudi, basi leo naijibu mbele ya wote.

Maswali sita, ndiyo, na nayatetea.

Kwenye LSAT, mtihani wa kuombea vyuo hivyo, kila fungu ni dakika 35, na fungu la hoja huwa na maswali kama 25. Kwa swali moja hazifiki dakika moja na nusu. Tena tangu Agosti 2024 hoja ndiyo mafungu mawili kati ya matatu yanayohesabiwa. Mzazi akisikia hivyo anataka mtoto akimbizwe toka siku ya kwanza. Sisi tunaanza polepole, na kwa Kiswahili, ingawa mtihani wenyewe ni wa Kiingereza.

Hili ndilo swali lililomkalisha binti yule. Wakulima wa kahawa waliojiunga na ushirika mwaka jana walivuna kilo nyingi kwa ekari kuliko majirani wasiojiunga. Kwa hiyo ushirika ndio ulioongeza mavuno yao. Lipi linadhoofisha hoja hii zaidi? Akapiga mstari chini ya chaguo B: baadhi ya wanachama walivuna kidogo kuliko walivyotarajia. Nikamwambia weka kalamu chini, nioneshe hitimisho. Akaonesha. Sasa hoja imeruka wapi? Hapo alikaa kimya muda mrefu, na sikumwahisha. Mwisho akasema: "Imeona vitu viwili pamoja, ikasema kimoja kimeleta kingine." Basi turudi B. Aliyetarajia magunia kumi akapata manane bado anamzidi jirani mwenye matano, kwa hiyo B haigusi kitu. C ilisema wengi wa waliojiunga walikuwa wakiwazidi majirani hata kabla ya ushirika, kwa kuwa mashamba yao yako kandokando ya mfongo, mfereji wa kumwagilia. Maji yalikuwepo kabla ya kadi ya uanachama! Hata hivyo hatukuhama. Alieleza kosa la A, la D na la E kwa maneno yake, akaandika kwenye daftari la makosa kilichomvuta kwenye B. Dakika ishirini na mbili.

Mwaka juzi tulikuwa na kijana anayeongoza watalii mlimani. Nikampa hii: kila mtalii anayepanda Kilimanjaro lazima awe na kiongozi mwenye leseni, mtalii fulani ana kiongozi mwenye leseni, je, anapanda Kilimanjaro? Akajibu ndiyo upesi sana. Halafu akajishika kichwa, maana juma lile lile alikuwa amewatembeza wageni kwenye maporomoko ya Materuni, na leseni yake mfukoni. Kuanzia siku ile hakuchanganya tena sharti la lazima (bila kiongozi hupandi) na sharti linalotosha (ukiwa na kiongozi basi lazima unapanda).

Kinachowagharimu wateja wangu ni madesa, yale makaratasi ya maswali na majibu ya kukariri. Kijana mmoja alinunua bunda zima mtandaoni, rahisi kuliko sisi, akakesha miezi mitatu akipanga nani akae karibu na nani mezani. Mafumbo hayo ndiyo yaliyoondolewa kwenye mtihani 2024. Akaja kwetu umebaki mwezi mmoja, ikabidi alipie kusogeza tarehe, kwa dola. Mwingine alikuwa amekariri majibu ya mitihani iliyopita: akiona swali anataja herufi kabla hajalimaliza. Nikimuuliza nyingine nne zina kosa gani, hana neno. Swali jipya likamlaza.

Elfu ishirini kwa saa ni kwa kikundi cha watu wanne, hawazidi. Humo mna kusahihisha daftari la makosa la kila mmoja, kazi ninayoifanya usiku kwangu, na kuna kuandaa maswali mapya, kwa sababu swali ulilokwisha kulizoea halikupimi. Mbio za saa tunaziingiza wiki ya sita, mwanafunzi akishaweza kusema kwa nini chaguo ni baya bila kusaidiwa. Anayetaka maswali hamsini kwa siku, kwetu hayapo.

Mzazi mwenye shaka aje Jumamosi saa tatu asubuhi akae nyuma asikilize. Kiti hicho hakilipiwi. Mama yule amesema atakuja, na swali la mfongo nimemwekea.