Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Transfoma zipigwe radi maabara kabla ya kupanda nguzoni

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Mimi ni mhandisi wa umeme Kanda ya Ziwa, na nina ombi moja. Kila shehena ya transfoma za kilovolti 33 na 11 inayonunuliwa kwa fedha za umma itolewe sampuli, ipimwe maabara kwa pigo la radi, yaani pigo fupi la volti kubwa linaloiga radi, nasi tukishuhudia.

Kwa viwango vya IEC, yaani tume ya kimataifa inayoweka viwango vya umeme, transfoma za ukubwa huu hupimwa kwa pigo la radi katika jaribio la muundo tu. Mtengenezaji anapima moja, anapata cheti, na zinazofuata zinapita vipimo vya kawaida vya kiwandani. Cheti hicho kinaweza kuwa cha miaka mingi nyuma. Lakini hakuna kinachomzuia mnunuzi kudai zaidi, na mnunuzi ni Serikali yako. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi mno duniani. Kipimo ambacho kwingine ni cha hiari, kwetu kiwe cha lazima.

Jaribio lenyewe linajulikana vizuri. Mwaka 1924 Mjerumani Erwin Marx alibuni mtambo ambao kapasita zake (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) huchajiwa sambamba, kisha cheche zinaziunganisha mfululizo na volti zao zinajumlishana. Pigo linafika kileleni kwa mikrosekunde 1.2 na kushuka hadi nusu kwenye mikrosekunde 50. Transfoma ya kilovolti 33 kwa kawaida hupigwa kilovolti 170. Inaanza na pigo dogo, halafu mapigo kamili, na michoro ya osiloskopu, kifaa kinachochora volti na mkondo, inalinganishwa. Hapo ndipo thamani ya kipimo ilipo: karatasi ya kuhami inaweza kutoboka ndani ya mafuta bila moshi wala kishindo, na dalili pekee ikawa mkunjo mdogo kwenye mchoro wa mkondo. Transfoma hiyo ukiipandisha nguzoni itawaka vizuri tu, mpaka mvua za kwanza.

Mheshimiwa, kupima kifaa peke yake hakutoshi. Ufungaji nao uigwe kwenye kompyuta kabla ya mkandarasi kuchimba shimo. Waya wa kizuia radi, kifaa kinachoelekeza radi ardhini ili isiingie kwenye transfoma, una induktansi (ukaidi dhidi ya mkondo unaobadilika ghafla) ya takriban mikrohenri moja kwa kila mita. Mkondo ukipanda kwa kiloampia 10 kila mikrosekunde, kila mita inaongeza kilovolti 10 juu ya zile ambazo kizuia radi chenyewe kinaruhusu. Mita tatu za waya ni kilovolti 30 zinazoelekea kwenye transfoma, na kwa ile ya kilovolti 11, ambayo mara nyingi imetengenezwa kuhimili kilovolti 75 au 95, hizo si kidogo hata kidogo. Programu ya kuigiza sakiti inaonyesha haya kwa dakika chache, mradi ipewe ukinzani wa ethi, yaani wa njia ya umeme kuingia ardhini, uliopimwa pale pale kijijini. Namba ya kukisia inatoa jibu la kukisia.

Umeme sasa unapelekwa vitongojini, na mikataba mipya inaandaliwa. Naomba kifungu cha sampuli kiingie humo, urefu wa waya wa kizuia radi uwekewe kikomo, na bajeti ijayo itenge fedha za mtambo wa mapigo katika chuo kikuu cha umma, ili wanafunzi wetu wa uhandisi wawe ndio wanaosoma michoro hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa umeme, Mwanza