Kuhusu ile bastola uliyoniuliza

Houston, Jumapili jioni

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, Mama Idi anawasalimu sana, na Idi mwenyewe sasa amenipita kimo. Natumaini Mama Neema amepona mafua na huko Columbus baridi imeanza kulegea.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili nikiwa kwenye gari kabla ya kuingia zamu. Umesema jirani wa chini amevunjiwa mlango, nawe kazi yako ni ya usiku. Umesema kijana wa dukani amekushauri uchukue bastola ndogo inayoingia mfukoni, ukakumbuka kwamba mimi nabeba Glock 17 kazini, mwaka wa sita huu. Ningeweza kukupigia simu tukamaliza kwa dakika mbili, lakini jambo lenyewe halitaki haraka, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza nikutoe kwenye hiyo ndogo. Mtu akiishika dukani huiona rahisi kwa sababu ni nyepesi. Kwenye uwanja wa shabaha mambo yanageuka. Risasi ni ileile ya milimita 9 na baruti ni ileile, kwa hiyo bastola ikiwa nyepesi teke lote linaishia kiganjani mwako. Glock 43, mojawapo ya hizo ndogo, ina gramu kama 460 na magazini yake, kile kibebeo cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, inabeba risasi 6. Glock 17 ina gramu kama 630 bila magazini, na ikijaa risasi zake 17 inazidi gramu 900. Mpini wake unatosha vidole vyote, hakuna kinachoning'inia. Mtutu una milimita 114, na kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni zaidi ya sentimita 15, kwa hiyo ukilenga vibaya unaliona kosa lako kabla hujafyatua. Kwa mtu atakayekwenda uwanja wa shabaha mara moja kwa mwezi, ukubwa huo ni msaada. Ndogo mwachie anayejua tayari kupiga na anayelazimika kuificha kiunoni kutwa nzima. Wewe hutaki kubeba, unataka iwe nyumbani.

Sasa nikueleze inavyofanya kazi ndani. Unakumbuka bunduki za SMG tulizopewa JKT Mafinga? Zilikuwa na kile kipande cha chuma ubavuni, upande wa kulia. Ukikipandisha umefunga, ukikishusha umefungua, na afande alipita nyuma ya mstari akikagua mmoja mmoja kama kimepanda. Glock haina kitu cha namna hiyo. Haina nyundo nyuma, haina kufuli ya kidole gumba. Ndani kuna pini yenye springi, ambayo huku wanaiita straika. Ukivuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, na kuiachia, umeikoki: risasi imeingia chemba, yaani kile chumba chake nyuma ya mtutu, na ile pini imebaki imevutwa nusu. Kidole kinapovuta triga, yaani kifyatulio, kinamalizia ile nusu iliyobaki, pini inaachiwa, inagonga.

Vizuizi vimo, tena vitatu. Kuna kijiulimi katikati ya triga, na kisipobonyezwa triga haiendi. Kuna kizuizi kinachoifunga njia ya pini, na kingine cha kuizuia isifyatuke ikianguka. Vyote vinaondoka vyenyewe triga inapovutwa na vinarudi vyenyewe inapoachiwa. Kwa hiyo imeundwa isilie hata ikidondoka sakafuni, lakini kitu chochote kikiingia pale na kuvuta, kiwe kidole chako, kidole cha Neema, kamba ya koti au ukingo wa ala iliyolegea, italia. Ala unayonunua iwe ngumu na ifunike triga yote. Zile za kitambaa laini usizitazame hata bei yake.

Aliyeiunda, Gaston Glock, alikuwa mtu wa Austria mwenye kiwanda kidogo Deutsch-Wagram, karibu na Vienna, akitengeneza fimbo za mapazia na visu vya jeshi. Alikuwa hajawahi kuunda bunduki. Jeshi la nchi yake lilipotafuta bastola mpya, akawaita wajuzi wa silaha akawauliza wanataka nini, na mwaka 1982 jeshi likaichukua kazi yake. Wengi hudhani 17 ni kwa ajili ya idadi ya risasi, kumbe ni hataza yake ya 17, yaani haki ya uvumbuzi. Alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 94. Naamini kule kutokea nje ya biashara ya silaha ndiko kulikomfanya aache vitu vingi ambavyo wenzake waliona ni vya lazima. Vipande ni vichache, mwili ni plastiki ngumu, na mtu wa kawaida anaweza kuifungua na kuisafisha bila fundi.

Faida unayoipata wewe iko kwenye triga. Bastola nyingi za zamani zenye nyundo, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, wa pili mfupi na mwepesi, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza triga mbili kwa wakati mmoja. Hii mvuto wake ni kama kilo 2 na nusu, na ni uleule kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukishapiga, usikurupuke kuachia kidole. Kirudishe mbele polepole mpaka usikie "tik", hapo iko tayari tena. Nilipoizoea hiyo "tik", ndipo shabaha yangu ilipoanza kukusanyika.

Kabla ya hapo nilihangaika. Miezi miwili ya mwanzo risasi zangu zote zilikwenda chini kushoto, na karatasi iko mita 7 tu! Nikaamini vilengeo vimepinda. Mwalimu wangu, mzee mstaafu wa jeshi, aliichukua, akapiga 5, nikaona matundu yote ningeweza kuyafunika kwa kiganja. Hakusema neno. Akageuka, akajaza magazini yeye mwenyewe, akanipa. Mbili za kwanza zikalia. Ya tatu ilikuwa bandia, ya plastiki nyekundu. Triga ikagota, kimya, lakini mtutu ukainama wenyewe kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye basi. Mkono wangu ulikuwa unaukimbia mlio ambao haujatoka. Triga hii, kwa kuwa inasogea kidogo kabla ya kuachia, inampa mwoga nafasi ya kusukuma chini. Dawa yake ni mazoezi makavu: bastola tupu, risasi ziko chumba kingine kabisa, sarafu imekaa juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, unavuta triga mpaka uweze kufanya hivyo mara 10 bila sarafu kudondoka. Inachosha kidogo, kwa sababu kila ukivuta triga inakufa, mpaka uirudishe slaidi nyuma kidogo. Na uwanjani pia, risasi ikikataa kulia, huwezi kuivuta triga tena juu yake. Unavuta slaidi, unaitupa nje, unaendelea.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Ili uifungue Glock kuisafisha, lazima uvute triga kwanza. Ndivyo ilivyo. Kuna mwenzangu kazini, mtu mwangalifu, miaka mingi kwenye ulinzi. Alirudi usiku amechoka, akakaa meza ya jikoni. Akavuta slaidi, risasi iliyokuwa chemba ikaruka ikaangukia mezani, akaiona kwa macho yake. Kisha akatoa magazini. Umeona alipokosea? Alianza na slaidi, na slaidi ilipokuwa inarudi mbele ilichukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyokuwa bado ndani. Akavuta triga. Risasi ilitoboa kabati la vyombo ikaishia ukutani, na nyuma ya ukuta ule mwanawe alikuwa amelala. Nilikwenda asubuhi yake. Mtoto yuko salama, anakunywa chai, na kando yake sufuria ya ugali ina matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Mke wake ameiweka pale mezani makusudi.

Kwa hiyo magazini kwanza, siku zote. Halafu slaidi mara tatu. Iache wazi, chungulia chemba, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse pawe tupu, maana macho yaliyochoka yanaona yanachotaka kuona. Elekeza mtutu mahali ambapo hata ikilia haitamkuta mtu. Hapo ndipo uvute triga. Fanya hivyo hata kama umeitoa tupu kwenye boksi dakika iliyopita.

Kuna swali hukuniuliza, nami limenikaa kichwani tangu nisikie sauti yako. Wewe usiku uko kazini. Mlango ukivunjwa saa nane za usiku, atakayeishika ni nani? Ni Mama Neema. Basi bastola hii ni yake kuliko yako, na katika ujumbe wote sikusikia yeye anasemaje. Kama hataki silaha ndani ya nyumba, mwache asitake. Nunueni mlango wa maana, kitasa kirefu na taa ya nje, wala usinifikirie nitakuona umeogopa. Kama anataka, basi yeye ndiye wa kwenda kuishika dukani, na yeye ndiye wa kwenda darasani, wewe umfuate.

Akiishika, aangalie vitu viwili. Kidole chake cha shahada kifike vizuri kwenye triga bila kuizungusha bastola mkononi. Glock za siku hizi zinakuja na vibao vya kubadilisha mgongo wa mpini, na bila kibao chochote ndipo mpini unakuwa mwembamba kabisa, aanzie hapo. Cha pili, kwa ruhusa ya mwenye duka, aielekeze upande salama, afumbe macho, ainyooshe mbele, kisha afumbue. Mpini wa Glock umelalia nyuma zaidi kuliko wa bastola nyingi, na wengine wakifumbua wanakuta kilengeo cha mbele kimepanda juu. Wapo wanaozoea na wapo wasiozoea. Mama Idi alizoea, ila siku ya kwanza alilegeza kiwiko na kifundo cha mkono, slaidi ikakosa nguvu ya kurudi yote, ganda la risasi likasimama wima limebanwa juu. Akafikiri ameiharibu. Nilimwambia akaze kifundo kama anayesukuma mlango mzito, haikutokea tena siku ile.

Usifungwe na jina Glock. Walther PDP ya mwaka 2021 ni kubwa, ya straika, na triga yake naiona nzuri zaidi. H&K VP9 inakaa mkononi vizuri mno, ila bei yake iko juu. Na kama Mama Neema atasema hawezi kulala karibu na silaha isiyo na kufuli, namwelewa kabisa: Smith & Wesson M&P inapatikana ikiwa na kufuli ya kidole gumba, na hata SIG M17, ambayo jeshi la Marekani liliichagua Januari 2017, nayo ni ya straika na ina kufuli hiyo. Mimi nabaki na Glock kwa sababu magazini na ala zake zinapatikana kila duka, na kwa sababu nimeshaizoea. Vilengeo vya plastiki vinavyokuja nayo sivipendi, vinachubuka. Tenga pesa kidogo uweke vya chuma.

Bei ya mpya huku ni kati ya dola 500 na 650, lakini usiishie kuhesabu hiyo. Hesabu darasa, risasi za mazoezi, miwani, vifunika masikio kwa watu wawili, na kasha la chuma lenye namba, lililofungwa kwa skrubu, si la kubebeka. Neema ana miaka 7 na anafikia kila kabati, hilo unalijua kuliko mimi. Kama pesa haitoshi kasha na bastola kwa mwezi mmoja, mwezi huo nunua kasha.

Grini kadi yako haikuzuii, mradi uwe na miaka 21 na ujaze ile fomu 4473 ya kununulia silaha dukani kwa ukweli, wakuangalie rekodi. Andika jina la anayenunua kweli, usimnunulie mtu wa mtaani anayekuomba, hata akiwa Mtanzania mwenzetu. Hiyo ni jela, na baada ya jela ni ndege ya kurudi.

Usinunue kabla ya mwezi wa sita mtakapokuja harusini. Jumamosi asubuhi nitawapeleka ninyi wawili kwenye uwanja ninaopigia. Pale wanakodisha, na Mama Neema atajaribu Glock 17, M&P na ile ndogo ya yule kijana, magazini moja moja, mita 5. Zile risasi bandia nyekundu ninazo bado kwenye begi. Mwambie aje na viatu vya kufunika mguu na blauzi ya shingo ya juu, maganda yanatoka ya moto.

Wasalimie watoto. Mama Idi anauliza kama mtakuja na unga wa muhogo, huku amekosa.

Rafiki yako,
Baba Idi