Risala ya wazazi wazungumzaji wa Kiswahili, Kaunti ya Jefferson, kwa Mjumbe wa Bodi ya Elimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Jefferson,
Walimu na wakalimani,
Wazazi wenzetu na watoto wetu,

Karibu sana. Umeacha mapumziko yako ya Jumamosi ukaja kuketi nasi hapa Louisville. Tunakushukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tumetoka Kivu na Katanga, tukapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Watoto wetu wako katika wilaya ya shule kubwa kuliko zote Kentucky, yenye wanafunzi zaidi ya 90,000, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za majumbani mwao. Tukisema shule za kaunti hii, tunasema shule zetu.

Tuanze na fedha. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kentucky iliamua kwamba mfumo mzima wa shule za jimbo ulikuwa kinyume cha katiba. Mageuzi ya mwaka uliofuata ndiyo yaliyoleta kanuni ya mgawo iitwayo SEEK. Kwa mwaka wa masomo 2025–2026, kiwango cha msingi ni dola 4,586 kwa mwanafunzi: kaunti hutoa sehemu yake kutokana na kodi ya ardhi na majengo, jimbo likajazia. Anayejifunza Kiingereza huongezewa asilimia 9.6. Ila jimbo halitazami majina yaliyoandikishwa tu, linatazama wastani wa mahudhurio ya kila siku. Mtoto akibaki nyumbani, fedha nazo hubaki Frankfort, makao makuu ya jimbo.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Mama mmoja kati yetu, anayefanya kazi ghalani zamu ya usiku, alipata barua ya Kiingereza kwamba kituo cha basi kimehamishwa. Aliiweka mezani akimsubiri binti yake mkubwa aisome. Mdogo akasimama kituo cha zamani siku tatu, kila siku akirudi na begi lake. Siku hizo zote ziliandikwa utoro. Jina la shule hatulitaji, kwa sababu hatukuja kushtaki.

Wengine wetu tumeketi mbele ya mwalimu huku mkalimani ni mtoto yuleyule anayezungumziwa. Mtoto wa miaka 10 anaambiwa amweleze baba yake kwamba yeye mwenyewe, mtoto, hajui kusoma! Huo ni mzigo usiomfaa mtoto, na unamvua mzazi heshima ndani ya nyumba yake. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inatupa haki ya kuelezwa mambo ya watoto wetu kwa lugha tunayoielewa.

Kuhusu matokeo, tunawashukuru kwa dhati walimu wa Newcomer Academy wanaowapokea vijana wetu. Waliotoka Nyarugusu walisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Hesabu wanaziweza, Kiingereza ndicho kinachowafunga. Hawatoki kwenye programu ya lugha mpaka wapate 4.5 kati ya 6 katika ACCESS, mtihani wa kupima Kiingereza chao, na kijana aliyefika na miaka 17 huona safari ni ndefu, akaenda kutafuta kazi bila diploma. Wapo walioondoka bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba milango ya shule iko wazi kwao mpaka watimize miaka 21.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba barua na simu zote za mabasi na mahudhurio zitufikie kwa Kiswahili siku ileile zinapotoka kwa Kiingereza. Tunaomba mkalimani mtu mzima katika kila kikao cha mzazi na mwalimu. Na kabla kijana hajaondolewa kwenye orodha ya shule, mtu anayejua Kiswahili aongee naye pamoja na wazazi wake.

Sisi kwa upande wetu tumegawana mitaa. Kila asubuhi mzazi mmoja atasimama kituoni na watoto wa majirani mpaka basi lifike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.